Mwongozo Ulishasomwa

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

"Mtu anayeuliza kabla ya kusoma anamwibia muda anayemjibu." Hayo ni maneno yako. Yako katikati ya barua yako ya mwezi uliopita, na umeyapigia mstari kwa rula, kana kwamba bila rula yangeanguka. Nitayajibu. Lakini nyumba hii ina sheria zake, na aliyezitunga bado anaishi humu, kwa hiyo salamu kwanza.

Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo umepona na amerudi karakana. Yeye amepata furaha yake, na mimi nimerudishiwa sebule yangu. Paa la jikoni limezibwa upande mmoja, sasa linavuja upande wa pili. Mama anakula, analala, anakwenda hadi kwa jirani na kurudi mwenyewe. Wifi yangu anaendeleaje na tumbo lake? Mwambie asiinue ndoo, hata ile ndogo, hata kama wewe umekaa tu unaangalia.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mama anajua kwamba nakuandikia. Amecheka na kutikisa kichwa, maana hii ni amri yake tangu tukiwa wadogo: simu ni ya salamu, ugomvi ni wa karatasi. Mwanamke aliyeshinda siku nzima kazini, opereta wa simu, na sauti za watu masikioni alikuwa na haki ya kurudi nyumbani akakuta watoto wanagombana kimya kimya. Wewe ulikuwa unaandika "Dada amenipiga" halafu unaniletea mimi nikusahihishie. Hujabadilika sana.

Uliniambia niende jukwaani, kwamba huko mtandaoni ndiko waliko wajuzi wa kibao cha Mama, kwamba wewe ni mtu wa mitambo mingine. Nikaenda. Niliandika kwa adabu, maana najua nikianza na ukali sirudi. Niliandika hivi: "Habari zenu. Mama yangu alipasuliwa koo na sauti yake ikaondoka. Anaongea kwa kuandika kwenye kibao, nacho kinayasoma maneno kwa sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa kabla ya upasuaji. Juzi kibao kimejisasisha. Tangu hapo kinasoma kwa sauti ya mwanaume. Nifanye nini ili sauti ya Mama irudi? Natanguliza shukrani."

Wa kwanza kunijibu anajiita Nyundo. Alijibu: "Soma mwongozo."

Nikauliza: ukurasa gani, ndugu?

"Wote."

Akaja mwingine, Mzee wa Waya. "Dada, swali hili limeshajibiwa. Tafuta kwanza, ndipo uulize." Nikatafuta. Nikakuta mtu aliyeuliza swali langu hilihili mwaka jana, neno kwa neno karibu, na chini yake jibu: "Limeshajibiwa. Tafuta kwanza." Niliporudi kumweleza Mzee wa Waya kwamba huyo ni nyoka anayeuma mkia wake, nikakuta swali langu nalo limefungwa kwa kufuli jekundu. Limeandikwa: limejibiwa.

Na wewe unawatetea. Unasema wanaibiwa muda.

Ngoja nikukumbushe nani alisoma nini katika familia hii. Ulikuja nyumbani siku chache kabla Mama hajapelekwa kupasuliwa. Kibao kilitaka asome sentensi nyingi, nyingi sana, ili kijifunze sauti yake, na wewe fundi mzima hukuja na kitabu wala gazeti. Ukafungua mwongozo wa kibao chenyewe, ule uliotafsiriwa Kiswahili na mtu ambaye nadhani hajawahi kukutana na Mswahili, ukamwambia: "Mama, soma huu, ndio mrefu." Akaketi mezani, mgongo umenyooka kama mbele ya ubao wake wa kuunganishia simu, glasi ya maji pembeni, akasoma mchana hadi jioni, akarudi kesho yake, akasoma tena. Ulikuwa unamwambia, "Mama, usiongeze maneno." Alipofika kwenye "Bonyeza nyumbani ili kumwamsha mtumiaji", akavua miwani, akauliza: "Huyu mtumiaji kalala kwa nani?" Hukufuta. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Kwa hiyo ukiniambia nisome kwanza, jibu langu ni kwamba mwongozo ulishasomwa. Ulisomwa wote, kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa na koo linalouma. Sauti hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Kibao sasa kinaongea kama kijana anayetangaza magodoro kwenye gari lenye vipaza sauti. Mama aliandika "Nimeshiba, asante" na kikasema kwa bashasha ya kutaka kuuza. Mama akakibeba mwenyewe, akakiweka kabatini kati ya sahani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo haongei na mtu. Anaandika kwenye vipande vya karatasi, na kwa jirani haandiki kabisa, anatikisa kichwa tu.

Unajua alivyojiahidi. Wifi akijifungua, sauti ya kwanza atakayosikia mtoto kwenye simu ni ya bibi yake: "Namba gani, tafadhali?" Alikuwa anafanya mazoezi na kibao, anatafuta mahali pa kuweka mkato ili kisikimbie. Sasa hataki kulisikia neno simu.

Niambie tu nibonyeze wapi.

Dada yako,
Pilipili


27 Februari

Dada Pilipili,

Salamu nyingi kwako, kwa Shemeji na kwa Mama. Huku baridi imepungua. Wifi yako miguu imevimba kidogo ila mkunga anasema ni kawaida, na ndoo nabeba mimi. Kwenye chumba kidogo nimeondoa vyuma vyangu vyote na kupaka rangi. Nimepaka kijani. Wifi yako anasema kinafanana na ofisi ya posta. Nimemwambia mtoto wa familia ya simu akilala posta si mbali na kwao.

Barua yako nimeisoma na nimecheka pale kwenye mkia, lakini Dada, usikasirike, nitawatetea tena. Hao watu hakuna anayewalazimisha kuwepo pale. Wametoka kazini, wamechoka, wanakaa wanasaidia wasiowajua. Kila siku wanaulizwa kitu kilekile. Anakuja mtu anasema "haifanyi kazi", anaulizwa nini hakifanyi kazi, anajibu "yote". Ungekuwa wewe ungejibu mara ngapi kwa upole? Wewe ambaye msomaji wa gazeti lako akikuandikia jambo ulilolieleza Jumapili iliyopita, unamrudishia tarehe ya toleo na nukta.

Nyundo namfahamu kwa maandishi. Si mtu mbaya. Ni mtu wa maneno ya mkato tu.

Fungua mwongozo, sura inayohusu sauti. Nenda kwenye mipangilio, halafu sauti, halafu sauti binafsi. Kama kuna jina la Mama pale, lishikilie kwa muda mrefu kidogo, usiliguse na kuachia. Kama halipo, zima kibao, kiache kipumzike, kiwashe. Kama bado, soma sura hiyo mpaka mwisho, kuna sehemu inaeleza. Mara nyingi watu wanaishia katikati.

Hapa kazini tumehamishiwa jengo jipya na mitambo yote imehamishwa pamoja nasi. Nashinda sakafuni na tochi mdomoni. Ndiyo maana nimechelewa.

Mpe Mama pole. Mwambie hilo ni jambo dogo, litakaa sawa.

Mdogo wako,
Bisibisi


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Upande wa pili wa paa umezibwa, tunasubiri kusikia wa tatu. Binti wa jirani ameposwa, Mama amealikwa na amekataa, akaandika: "Sherehe inataka mdomo." Shemeji yako anakusalimia na anasema kijani cha posta ni rangi nzuri, haina haja ya kuombewa radhi. Hongera kwa ndoo.

Nimesoma. Nataka uipokee sentensi hiyo kwa uzito wake. Sikuishia katikati. Nimekisoma kitabu chenu chote cha kurasa mia tatu na ushee, mimi ambaye nimewahi kuhakiki ripoti za tume tatu na kumaliza moja. Nimeanzia kwenye onyo la kutokiweka kibao ndani ya maji na kuishia kwenye anwani ya kiwanda. Najua sasa kwamba "betri ikihisi joto, mtumiaji aondolewe". Najua kwamba "mkono wa mtoto usiachwe ndani ya chaji". Mama alisoma haya yote na koo lake lile, na nilipofika kila mahali aliposimama kusahihisha nilikuwa nasikia alivyosema. Nilisoma mwongozo kwa sauti yake, Bisibisi. Humu kichwani bado ipo. Nimejaribu kufikiria kama kuna waya unaoweza kuichukua humo.

Kwenye mipangilio, sauti, sauti binafsi, hakuna jina. Kuna nafasi nyeupe na maneno "Hakuna kilichopatikana". Nimeishikilia nafasi hiyo nyeupe kwa muda mrefu kidogo, kama ulivyosema. Nimezima, nimekipumzisha, nimewasha. Nikasoma sura mpaka mwisho, ile sehemu ambayo watu huwa hawafiki. Nainukuu: "Iwapo sauti binafsi haionekani, wasiliana na msimamizi wako."

Nikarudi jukwaani. Safari hii nimeingia na viatu. Nikaandika: nimesoma mwongozo wote, unanipeleka kwa msimamizi, msimamizi ni nani? Nyundo akajibu: "Aliyekisajili kifaa. Imeandikwa ukurasa wa kwanza." Nikamwambia kwamba yeye ni bawabu aliyekaa mlangoni na ufunguo mfukoni, anawafundisha watu historia ya vitasa. Mzee wa Waya akaniambia niangalie lugha. Nikamwambia lugha ndiyo kazi yangu, na yeye ya kwake ni ipi? Wamenifungia kuandika hadi mwisho wa mwezi.

Lakini Nyundo alikuwa sahihi. Ukurasa wa kwanza. Nimeangalia. Kisha nimefungua usajili ulio ndani ya kibao: aliyekisajili ni wewe. Jina lako, anwani yako ya barua pepe, neno la siri ulilochagua wewe.

Kwa hiyo nafuata mwongozo, kama mlivyotaka. Nawasiliana na msimamizi wangu. Ndugu msimamizi, sauti ya Mama inakaa wapi? Sikuulizi nibonyeze nini. Nauliza kitu kilichokuwepo kilikuwa kinakaa wapi. Ndani ya kibao? Kwako? Kwa nani?

Jibu hilo tu. Mengine yote unaweza kuniandikia ukipata nafasi.

Mama amepungua. Hata vipande vya karatasi vinapungua. Zamani aliandika utani, sasa anaandika "chai", "mlango", "hapana". Juzi nilimkuta amesimama mbele ya kabati la sahani, mkono juu ya kitasa, hafungui.

Dada yako,
Pilipili


2 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Wifi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Nadhani amekurithi wewe, shangazi yake. Wifi yako na mtoto wote wazima. Mimi silali lakini sijali.

Nilipiga simu kuwajulisha, najua umeniuliza jambo kwenye simu na nikasema laini mbaya. Ilikuwa mbaya kweli.

Kazini bado tunahangaika na lile jengo jipya.

Kuhusu kibao, ninafuatilia. Kuna watu nimewaandikia. Usiwe na wasiwasi sana. Nilitaka kuuliza tu, katika vitu vya zamani pale nyumbani, kuna kaseti yoyote yenye sauti ya Mama? Au video ya harusi yako? Hata kipande. Hata akiwa anaongea na mtu kwa mbali. Ukipata usiguse kitu, niambie tu.

Mbusu Mama. Mwambie mjukuu ana masikio makubwa.

Bisibisi


20 Mei

Mdogo wangu,

Hongera, na hongera kwa wifi yangu, mpe mikono yangu yote miwili. Nimemshonea mtoto kofia, ni kubwa, atakua. Shemeji yako amechonga kitanda kidogo ambacho hakuna namna ya kukisafirisha, tumeweka vitunguu ndani. Masikio makubwa ni mema. Mama aliposikia aliandika, baada ya siku nyingi za "chai" na "mlango": "Yatamfaa. Asiyapoteze kwenye simu za watu."

Barua yako ina maswali mawili na yote umeniuliza mimi. Langu moja hukulijibu. Na swali lako la kaseti limenifanya nikae chini kwenye ngazi ya jikoni, maana mtu hatafuti kaseti ya kitu ambacho anacho.

Hakuna kaseti. Harusi yangu ina video, na katika video ile Mama anaonekana akiongea na watu karibu wote, na juu yake kuna muziki wa bendi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Opereta harekodiwi, Bisibisi. Maisha yake yote alikuwa anawaunganisha wengine, na wakishaanza kuongea yeye anatoka kwenye laini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na aliifanya vizuri, na sasa hakuna alipobaki.

Nilifunguliwa jukwaani. Nikaandika jambo moja tu, bila ukali. Niliuliza: sauti zinakaa wapi? Nyundo hakujibu. Mzee wa Waya akaweka kiungo cha mwongozo. Lakini kuna mwanamke aliyeniandikia pembeni, faraghani, anajiita Mama Pacha. Mume wake ndiye mwenye kibao. Aliandika: "Dada, usiendelee kuwauliza hadharani, watakufungia tena. Sauti zilikuwa kwenye mitambo ya kampuni, si ndani ya kibao. Kampuni imeacha huduma hiyo. Walitoa ilani kwa waliosajili, kwamba kila mtu apakue sauti yake aihifadhi kabla ya mwisho wa mwaka jana. Ilani ya mume wangu ilikuja kwa anwani ya kijana wa duka aliyetusajilia, na kijana ameshahama. Hawakutangaza jukwaani. Nimeuliza kwa nini, wakaniambia imeandikwa kwenye masharti."

Nilimuuliza Mama Pacha, mume wake anaongea vipi sasa. Akasema: "Kama yule wenu. Tunamwita Mgeni. Wanangu wameanza kumzoea, na hilo ndilo linaniumiza."

Kwa hiyo sasa najua ilipokuwa inakaa, na najua ilani za kila mtu zilitumwa kwa nani. Sitakuuliza za Mama zilikwenda kwa anwani gani. Sitakuuliza, kwa sababu mwaka huu wote umekuwa ukinifundisha kusoma, na mimi ni dada yako, sitaki kuwa mwalimu wako siku moja kama hii.

Nikueleze ile simu yako ya kutujulisha, maana wewe ulikuwa upande wa pili na hukuona. Uliposema "Mama, huyu hapa, nimeweka simu kwenye sikio lake", Mama alisimama. Nilikuwa nimekitoa kibao kabatini, nimekiweka mezani, kama atataka. Hakukitazama. Alichukua simu kwa mkono wa kushoto, akainyoosha shingo kama vile wanavyofanya maopereta, na mdomo wake ukatamka maneno yote matatu, nikayaona, namba gani tafadhali, na hakuna kilichotoka ila pumzi ile ya kwenye tundu la upasuaji shingoni. Uliuliza, "Mama, upo?" Ukauliza tena. Ndipo akagonga kwa ukucha kwenye simu, mara mbili, taratibu. Wewe ukasema laini mbaya.

Haikuwa mbaya. Alikuwa ni yeye.

Pilipili


11 Juni

Dada,

Salamu. Mtoto hajambo, anaongezeka. Wifi yako hajambo. Kofia imefika, inamfunika hadi kidevuni.

Niliikumbuka ile sauti ya ukucha baada ya barua yako. Nilidhani ni mtandao.

Nimeangalia. Ilani zipo tatu. Hazijafunguliwa.

Nimewapigia kampuni. Inapokea mashine, inasema kwa maswali zaidi tafadhali soma mwongozo mtandaoni. Nimewaandikia kama msimamizi, kama fundi, kama mtoto wa mtu. Wamejibu mara moja. Wametuma kiungo. Nimekifungua nikidhani ni fomu. Ni mwongozo, ule wa Kiswahili. Nimeufungua na ukurasa wa kwanza ulionitokea ni wa mtumiaji anayeamshwa, na nikafunga.

Nikaenda jukwaani kwa jina langu. Miaka yote niliyokaa pale, watu niliowasaidia. Nikauliza kama kuna anayejua mitambo ile ya kampuni imezimwa tu au imefutwa, maana hivyo ni vitu viwili. Mzee wa Waya akaandika: "Bisibisi, hata wewe? Ilani ilitolewa, ndugu." Mwingine akaweka kicheko. Nyundo akaandika, "Soma ilani", halafu baada ya saa chache akafuta. Sijui kwa nini alifuta. Nimekaa nikitazama pale palipofutwa.

Sijui la kufanya, Dada. Nimezoea kila kitu kilichoharibika kiwe na skrubu mahali. Hiki hakina. Nimekizungusha kichwani pande zote.

Usimwambie Mama. Au mwambie. Wewe ndiye unayejua maneno.

Nilitaka kukupigia nikashindwa, maana nilikuwa ninalia na mtoto alikuwa amelala.

Bisibisi


1 Julai

Mdogo wangu,

Tunakusalimu sote. Wifi yangu na mtoto wabusu. Paa limenyamaza.

Mama nimemwambia. Nilikaa naye mezani, pale alipokaa kusoma, nikamwambia yote, hata zile tatu. Nilidhani ataomba karatasi. Alishika glasi ya maji, akaizungusha. Baadaye sana akaandika, na ninakunakilia kama ilivyo: "Mwambie asilie kwenye simu, maji yanaharibu laini." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Ilani zilikuwa zimeandikwa na yule wa mtumiaji. Hata mimi nisingefungua."

Basi amekusamehe kwa utani, na mimi ambaye sina utani wake nakusamehe kwa amri yake. Lakini sauti haijarudi. Kibao kimerudi kabatini. Amekubali kwenda kwenye harusi ya binti wa jirani, atakaa nyuma. Sina la kukuahidi.

Kuna jambo moja nataka unifanyie. Mimi wamenifungia tena, safari hii bila kunitajia tarehe. Wewe hawajakufungia. Hapo chini kuna barua nyingine. Ibandike jukwaani kama ilivyo, usinisahihishie, usiniombee radhi, na usiiweke kwenye ukumbi unaofaa. Iweke pale mlangoni.

"Kwa Nyundo, kwa Mzee wa Waya, na kwa wewe unayefanya kazi kwenye mitambo ya kampuni, usiyeandika kamwe lakini unasoma kila kitu hapa.

Mmesema mtu asome kwanza. Nimesoma. Nimesoma mwongozo, masharti na ilani, na sasa ninajua mambo yote ambayo hayasaidii. Hakuna ukurasa uliobaki, na hakuna kati ya kurasa hizo uliokuwa na jibu. Jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja wenu, maneno machache tu: 'Dada, ipakue sauti leo, wanazima.' Mlikuwa mnajua mwaka jana, wakati mtu wa kwanza alipouliza, na kufuli jekundu mlilifunga juu yake. Mlifundisha adabu ya kuuliza nyumba ikiwa inaungua. Bisibisi ni ndugu yangu, na yeye alikuwa mmoja wenu, kwa hiyo siwaambii haya nikiwa nje ya mlango.

Nyundo, ulifuta neno lako. Nimeambiwa. Sijui ulifikiria nini saa hizo, lakini anzia hapo.

Na wewe uliye kwenye mitambo. Kuzima si kufuta, unajua kuliko mimi. Nenda kaangalie. Humo ndani kuna mwanamke aliyekuwa opereta wa simu, anasoma mwongozo wenu kuanzia onyo la maji hadi anwani ya kiwanda. Hutamkosea. Kila penye Kiswahili kibovu anasimama. Utasikia akivua miwani na kuiweka mezani, utamsikia akiuliza mtumiaji kalala kwa nani, na nyuma yake utasikia mtu mzima anacheka mpaka anashika ukuta. Karibu naye yupo mume wa Mama Pacha. Watafuteni wote wawili.

Nisikilizeni, ninyi watatu, kwa majina yenu hayo ya kujificha. Mimi nimesoma vya kutosha. Kuna mtoto mwenye masikio makubwa na simu iko mezani. Sasa ni zamu yenu: kasikilizeni, na mkimkuta, mtuunganishe."

Dada yako,
Pilipili